Mmea wenye meno, paka, na shada la mezani

(Hotuba niliyoitoa Mombasa mbele ya wapenda maua na wafugaji wa paka, kama nilivyoiandika baadaye kwa wale ambao hawakuwahi kufika.)

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, na ninyi vijana mliokuja na paka wenu vikapuni: shikamooni mnaostahiki shikamoo, na wenzangu wa rika moja, hamjambo. Nawashukuru walioupamba ukumbi huu. Shada la maua mliloniwekea hapa mezani ni zuri mno, na nitalirudia kabla sijakaa, maana lina sehemu yake katika maneno yangu.

Mwezi uliopita jirani yangu alipiga hodi akiwa amempakata paka wake kama mtoto mchanga. Nikamkaribisha, akagoma kuvuka kizingiti. "Mwalimu," akasema, "kwanza niambie ule mmea wako unaokula nyama umeufungia wapi." Nikamwonyesha dirishani. Ulikuwa kwenye kichungu cha plastiki kisichozidi bilauri ya chai, na ukiyakusanya majani yake yote hayajazi kiganja. Akautazama kitambo, akamtazama paka wake, akauliza polepole, "Ndio huu tu?"

Ndio huo tu. Lakini sikumcheka, nanyi msimcheke. Alikuwa akiuliza swali la mtu anayempenda kiumbe aliye mikononi mwake, na swali la namna hiyo hujibiwa kwa ukamilifu. Ndilo lililonileta leo: je, mimea inayokula wadudu inaweza kukaa nyumba moja na paka bila kudhuriana? Jibu langu ni ndiyo. Hatari ipo, ila haipo pale macho yanapokimbilia.

Tuanze na mwenyewe mwenye sifa. Mtego-nzi, ambao Wazungu wameupa jina la Zuhura, asili yake ni vinamasi vya North Carolina na South Carolina huko Marekani, eneo dogo tu la pwani kuzunguka mji wa Wilmington. Gavana Arthur Dobbs wa North Carolina aliandika habari zake mwaka 1759, na mwaka 1875 Charles Darwin akatoa kitabu kizima juu ya mimea ya jinsi hii. Kule kwao udongo ni mchanga na mboji chachu isiyo na rutuba. Chakula chenyewe mmea unakipata kwa jua, sawa na mchicha wa bustanini kwako. Mdudu kwake ni mbolea. Naomba mlishike neno hilo, kwa sababu nitalihitaji tukifika kwenye udongo.

Jani lake hufunguka kama kombe la chaza. Ndani ya kila upande mna vinyweleo, kwa kawaida vitatu. Ukikigusa kimoja mara moja, hakuna kinachotokea. Ukigusa tena kabla ya sekunde 20 hivi kupita, jani linafumba kwa kadiri ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Halafu linangoja. Mdudu akiendelea kufurukuta na kuvigusa vile vinyweleo tena na tena, ndipo linajibana kabisa na kutoa majimaji ya kumeng'enya, kazi inayochukua kati ya siku 5 na 12. Kama kilichoingia ni kijiti, na hakifurukuti, jani hufumbuka kesho yake. Na yale mnayoyaita meno ni laini kuliko meno ya kitana. Nimeingiza kidole changu humo mara nyingi mbele ya wanafunzi; ni kama kubanwa na kurasa mbili za daftari.

Sasa mtazameni paka wangu, Kashata. Alikuwa na miezi minne alipopanda dirishani kwa mara ya kwanza. Alikinusa kichungu, akakizunguka, akaunyosha mkono wa kulia huku kucha amezificha, akagusa jani moja. Kimya. Akagusa tena. Jani likafumba juu ya manyoya ya ncha ya mkono wake. Akauvuta, ukatoka bila taabu yoyote, akaruka chini na kukaa kulamba vidole. Jani likabaki limefumba, nywele tatu nyeupe zikining'inia nje. Kesho yake adhuhuri likafumbuka, na nywele zikaanguka juu ya udongo.

Aliyedhurika siku ile ni mmea. Jani moja la mtego-nzi hufumba mara chache tu maishani mwake, kisha huwa jeusi na kufa, na Kashata alikuwa amelitumia bure. Akarudi tena na tena wiki ile, maana mchezo ulishamnogea. Majani manne yakaisha. Mmea mdogo ukipoteza majani namna hiyo kila wiki hudhoofu, kwa kuwa kila jani linalofumba limetumia nguvu na halikurudisha kitu.

Ni vivyo hivyo kwa drosera. Huu ni mmea wenye majani yaliyofunikwa na vinyweleo vyekundu, kila kimoja na tone la utomvu unaong'aa kama umande wa alfajiri. Jamaa zake wanamea hata huku kwetu: kuna drosera ya Madagaska ambayo inakua pia kwenye vinamasi vya Tanzania. Paka akipita karibu, mkia wake ukigusa jani, unaacha nywele. Jani linahisi mguso, linaanza kujikunja polepole juu ya ule unywele, na saa kadhaa baadaye utalikuta limeukumbatia kama limepata riziki. Hakuna kitu pale. Mimi nina kibano cha nyusi kilichowekwa karibu na dirisha kwa kazi hiyo peke yake, na kila Ijumaa asubuhi nazitoa nywele za Kashata mojamoja.

Na ule mmea wa magudulia, ambao ncha ya jani hurefuka kama kamba, ikashuka, ikavimba ikawa gudulia lenye mfuniko na maji ndani yake, huo unamea kwenye visiwa vya bahari yetu hii. Étienne de Flacourt, Mfaransa aliyekuwa gavana kule Madagaska, aliuandika kwenye kitabu chake mwaka 1658. Shelisheli nako una jamaa yake wa milimani. Kwa joto la Mombasa nawashauri muanze na magudulia ya nyanda za chini badala ya mtego-nzi, kwa sababu mtego-nzi unahitaji kulala kwa baridi miezi 3 hivi kila mwaka, na hapa baridi hiyo haipatikani nje ya friji. Nimewahi kuulaza kwenye friji, umefungwa kwa ukoka wa kinamasi ndani ya mfuko. Inawezekana, lakini ni kazi.

Je, paka akizitafuna? Jumuiya kubwa ya Marekani ya kuzuia ukatili kwa wanyama, ASPCA, imeuweka mtego-nzi kwenye orodha ya mimea isiyo na sumu kwa paka na mbwa. Mtego-nzi, drosera na magudulia vina kemikali iitwayo plumbajini, chungu na kali mdomoni, lakini kwa kiasi kidogo. Paka akila majani mawili matatu anaweza kutapika, akapumzika, yakaisha. Akinywa maji ya gudulia atakuwa amekunywa maji machachu yenye mainzi yaliyooza. Si kinywaji cha kumtakia mtu, wala si msiba.

Msiba niliujua kwa mlango mwingine.

Kabla ya Kashata nilikuwa na paka jike mweupe, jina lake Mwezi. Nilipoupata mtego-nzi wangu wa kwanza niliuweka juu kabisa ya kabati, kwa ajili yake, maana hofu ya jirani yangu nilikuwa nayo mimi pia. Kisha ikaja arusi ya mpwa wangu. Jumapili usiku tulirudi na shada lililobaki, maua meupe makubwa yenye harufu tamu ya kujaza chumba. Nikayatia maji kwenye jagi la kioo, nikayaweka mezani. Jumatatu asubuhi nilimwona Mwezi ana vumbi la rangi ya manjano puani na kwenye masharubu. Nikalifuta kwa kidole. Jioni akatapika. Jumanne hakula, alikaa kando ya bakuli la maji, kichwa kimeinama, kama anayesikiliza kitu. Nikasema ni joto. Jumatano nikampeleka kwa daktari wa mifugo, na kabla hajamshika paka akaniuliza, "Nyumbani mna maua gani?" Alhamisi alfajiri Mwezi alikufa, figo zimesimama.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mmea wenye meno nimeupandisha juu ya kabati, na ua lisilo na meno nimelipa meza.

Yale maua yalikuwa lili. Waswahili tumezoea kuliita kila ua la sura ile yungiyungi, na hapo ndipo mtu anapotea, kwa hiyo nifafanue. Yungiyungi la bwawani, linaloelea juu ya maji, silo ninalolisema. Ninasema lili za shada, zile zenye petali sita na vijiti vya katikati vilivyobeba chavua ya manjano au ya kahawia inayochafua nguo, pamoja na binamu yake wa bustanini ambaye kila ua lake hudumu siku moja tu, hemerokalisi. Kwa paka kila sehemu ya maua hayo ni sumu: petali, jani, shina, chavua, hata maji ya jagi. Haihitaji ale. Chavua ikimwangukia manyoyani, naye akajilamba kama paka wote wajilambavyo, imetosha. Figo huanza kuharibika ndani ya siku 1 hadi 3. Mbwa akila ataumwa tumbo, paka hufa. Na linaloniuma hadi leo ni kwamba paka akifikishwa kwa daktari mapema, kabla ya saa 18 kupita, akatapishwa na kutiwa maji ya mishipani siku mbili tatu, wengi hupona. Mimi Jumatatu asubuhi nilikuwa na chavua kwenye kidole changu.

Ndugu zangu, nchi hii inalima maua na kuyauza dunia nzima, na mashada ya lili yanapatikana hata njiani kwenye taa za kuongozea magari. Ningetamani kila muuzaji amwulize mnunuzi, "Una paka nyumbani?" Linachukua sekunde mbili. Hadi hapo watakapoanza kuuliza, tuambizane sisi wenyewe.

Ipo mingine ya kuiangalia mkirudi nyumbani. Mtapo, ambao wengi mnao uani kwa urembo: mbegu zake huharibu ini. Mnyaa, utomvu wake huunguza macho na mdomo. Oleanda hushika moyo. Shubiri, dawa yetu ya siku zote, humwendesha paka tumbo. Haya majani mapana yenye madoa ya dieffenbachia, na pothosi inayotambaa ukutani, yana vijisindano vya fuwele vinavyochoma ulimi hadi paka anatokwa udenda. Ukiilinganisha na hii, mimea inayokula wadudu ni wageni wapole kabisa, na nasema hivyo bila kuitetea.

Basi hatari ya mimea hii inatoka wapi? Inatoka kwenye vitu tunavyoviweka kandokando yake. Hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

La kwanza ni maji. Mmea huu hauvumilii madini. Maji ya bomba yana chokaa, ya kisima hapa kisiwani yana chumvi juu ya chokaa, na vyote huunguza mizizi polepole. Maji yanayofaa ni ya mvua, au yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa na mvuke wake ukakingwa. Sasa, mtu akiambiwa maji yaliyokenekwa huenda kituo cha mafuta kuulizia maji ya betri. Jamani, muwe waangalifu mno. Kwenye rafu hiyohiyo, kwa jina hilohilo la maji ya betri, huuzwa asidi. Tone la asidi hiyo kwenye ulimi wa paka, au wa mtoto, ni kidonda. Soma kibandiko neno kwa neno, na kama hujui kusoma kilichoandikwa usinunue. Mimi sinunui. Nina pipa chini ya bati. Mvua ya kwanza naiacha ioshe paa, ya pili naikinga, naifunika kwa kitambaa kizito. Mvua za masika zikikingwa vizuri zinanifikisha mbali sana.

Kichungu hukaa ndani ya sinia lenye maji ya kina cha sentimita 1 au 2. Na hapo panazuka jambo la pili. Maji yaliyotuama ni uzazi wa mbu, nasi Mombasa tumeshapata milipuko ya dengi, mmoja wao mwaka 2017. Nimeona watu wanatia tone la mafuta ya taa siniani kuua viluwiluwi. Wengine hutia dawa ya kuzuia ukijani. Msifanye hivyo! Paka atakunywa maji yale. Atayaacha ya bakuli lake la kaure na kwenda kunywa ya siniani, sijui mwenye paka asiyelijua hilo. Wengi wenu mnaikumbuka hadithi ya Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu mpaka akanywa, akaeleza kwamba Mtume amesema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzungukazunguka. Mimi nimeifanya hadithi hiyo kuwa kipimo changu cha bustani: maji nisiyoweza kumwinamishia Kashata anywe, siyatii siniani. Mbu nawashinda kwa kumwaga maji na kusugua sinia kila siku ya tatu.

La tatu ni dawa za wadudu, na hili linaua. Mtego-nzi hushikwa na vidukari, majani machanga yakatoka yamejikunja. Mtu huchukua kopo la kupulizia. Mengi ya makopo hayo, na poda nyingi za viroboto vya mbwa, yana permethrini. Mbwa huistahimili. Paka hutetemeka, hushikwa na degedege, hufa. Ini la paka halina nguvu ya kuzivunja baadhi ya kemikali ambazo ini langu na la mbwa huzivunja kila siku; ndiyo maana kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua. Ukipulizia mmea, umepulizia na majani atakayokuja kuyagusa kwa pua. Basi fanya hivi: chukua ndoo ya maji ya mvua, uzamishe mmea mzima na kichungu chake, uuache humo siku moja au mbili. Vidukari hufa maji. Mmea, ambao ni mtoto wa kinamasi, hautikisiki. Na nzi aliyeuawa kwa dawa usimlishe mmea, maana akidondoka sakafuni paka atamchezea.

Nyama vilevile. Ndugu yangu mmoja alikuwa akiulisha mmea wake nyama ya kusaga, akiona fahari. Nyama haifurukuti, jani halimeng'enyi sawasawa, inaoza humohumo, jani linaoza nayo. Na harufu ile, katika nyumba yenye paka, ni mwaliko. Usiku mmoja paka wake aling'oa kichungu kizima akakila kilichokuwemo, na udongo juu yake. Nzi mmoja hai kwa mwezi anatosha. Akikosekana, mmea hautakufa; nilishasema ni mbolea tu.

Na kwa kuwa mdudu ndiye mbolea, udongo wa mmea huu hautiwi mbolea nyingine. Hilo lina faida kwa mwenye paka: hakuna unga wa mifupa wa kumvuta achimbe, hakuna chembechembe za kemikali za kuramba. Lakini udongo wenyewe, mchanganyiko wa mboji ya kinamasi na mchanga mweupe, mlaini, mpya, unampendeza paka kwa sababu nyingine mnayoijua. Mkojo wa paka una chumvi na naitrojeni ya kutosha kuumaliza mmea huu kwa siku chache. Nilipoteza sarasenia nzuri, yenye magudulia marefu yaliyosimama, kwa namna hiyo. Dawa yake ni mbili. Paka awe na sanduku la mchanga safi, na kama una paka wawili, masanduku matatu. Kisha funika uso wa udongo kwa mawe madogo.

Mawe gani? Hapa pwani tunaokota yaliyo karibu, na yaliyo karibu ni matumbawe na makombe. Hayo ni chokaa tupu. Kila ukimwagilia, yanayeyuka kidogo, na umeurudisha uleule ubaya wa maji ya bomba uliokwisha kuukimbia. Mchanga wa ufuoni ni hivyohivyo, na chumvi juu. Chukua jiwe lako, lidondoshee siki. Likitoa povu, lirudishe ulikolitoa. Lisipotoa, lioshe ulitumie. Mimi nina hili hapa mfukoni, nililipitisha kwenye siki jana; ni la mto, si la bahari. Mwenye kutaka kujaribu na aje baadaye, nimekuja na kichupa cha siki.

Kuna na ukoka mkavu wa kinamasi, sfagnamu, unaouzwa kwa mifuko. Paka huupenda kwa kulalia. Ukoka huo unaweza kubeba kuvu anayeingia kwenye michubuko ya ngozi na kuacha vidonda vinavyopanda mkono mmoja baada ya mwingine. Madaktari wanauita ugonjwa huo sporotrikosisi, na paka huupata kama sisi. Vaa glavu, hasa kama Kashata wako amekukwaruza jana, loanisha ukoka kabla ya kuushika ili usipeperushe vumbi, na mfuko ufungwe.

Sasa mpangilio wa nyumba. Magudulia yananing'inia, basi yaning'inize kwa ndoano ya dari, mbali na kabati na kiti ambacho paka anaweza kurukia. Ile kamba ya jani ikicheza na upepo ni kishawishi asichoweza kukishinda. Mtego-nzi na drosera nimezitia ndani ya tangi la kioo lililokuwa la samaki, juu nimefunika wavu wa kuku. Kioo kisipigwe na jua la mchana moja kwa moja, kitageuka tanuri, asubuhi tu. Kashata hukaa mbele ya kioo hicho saa nzima akitazama nzi wanavyoingia. Nadhani anafurahi kuliko zamani alipokuwa anagusa.

Na mpeni paka majani yake mwenyewe. Paka hutafuna majani, ndiyo tabia yake, na kumkataza bila kumpa badala ni kumwonea. Oteshea ngano au shayiri kwenye bakuli pana. Siku 7 hadi 10 tayari ana bustani. Mtama usioteshe. Machipukizi yake machanga yana sumu ya sianidi. Wafugaji wa ng'ombe wanalijua jambo hilo, wafugaji wa paka wengi hawalijui.

Ikitokea paka amekula usichokijua, usimpe maziwa, wala usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Chumvi yenyewe itamdhuru. Kata kipande cha mmea, kitie mfukoni, mchukue paka, nenda. Usingoje dalili. Mimi nilingoja.

Neno fupi kwa vijana walioniuliza kwa simu wataipata wapi mimea hii. Mtego-nzi na magudulia yamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kuingiza mmea wowote nchini kunahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa mimea. Usitie mmea kwenye begi ukitoka safari. Wala msiende kung'oa drosera za vinamasini. Nunueni iliyooteshwa, au njooni kwangu mwezi wa sita nikigawa vichipukizi.

Nilisema nitalirudia shada hili. Nimelikagua tangu nilipokaa. Mawaridi haya hayana neno, na majani haya ya kangaga ni salama. Lakini hapa katikati kuna lili tano. Tatu zimefunguka, na chavua imeshamwagika kwenye kitambaa cha meza, mnaiona. Kwa desturi yetu shada hupewa mgeni aende nalo. Nawaomba radhi wenyeji wangu, sitalichukua. Na kabla hatujagawana maua, namwomba kijana mmoja asiyefuga paka aje azitoe hizi tano, azifunge kwenye mfuko, akunje na hiki kitambaa kwa ndani ili chavua isipeperuke, anawe mikono. Ninyi wenye vikapu, subirini amalize ndipo mpite mbele.